Nyonga ya Kushoto

Mie nina matege. Nalisema mapema kwa sababu habari yote hii imeanzia hapo. Nikisimama wima, visigino vimegusana, katikati ya magoti yangu paka anapita bila kujikunyata. Kule Temeke nilikokulia watoto wenzangu waliniita "goli", na siku moja mmoja wao akapiga mpira kweli nikiwa na ndoo kichwani, ukapita katikati, mtaa mzima ukashangilia. Nilitua ndoo, nikamkimbiza mpaka kwao, nikamchapa mbele ya mama yake. Hasira pia ninazo.

Nilipomuuliza mama kwa nini miguu yangu iko hivi na ya wenzangu imenyooka, alinijibu huku anachambua mchele, hata macho hakuinua. "Ulibebwa sana mgongoni. Ulikuwa hutaki kushuka kwenye mbeleko, ukishushwa unalia. Miguu ikakaa hivyo hivyo." Nikaamini. Lilikuwa jibu la mama, na tena lina picha yake: mtoto kapanua miguu kiunoni mwa mtu mwaka mzima, itaachaje kupinda? Mie ambaye kitu kidogo nauliza mara tatu, hilo sikuliuliza tena.

Nilikuja kuwa mwalimu wa sayansi, shule ya msingi, huko Tegeta, na katika mada zote ninazofundisha hakuna ninayoipenda kama mifupa na viungo vyake. Chati yetu imechanika shingoni, nimeiunga kwa selotepu, lakini siitegemei sana. Nawasimamisha watoto. Nawaambia wakunje kiwiko, halafu wajaribu kukizungusha kama wanavyozungusha bega. Wanahangaika, wanacheka, mwingine anageuka mwili mzima. "Mnaona? Kiwiko ni bawaba, kama ya mlango ule. Kinafunga na kufungua, basi. Goti nalo ni ndugu yake. Haya, zungusheni mabega." Mikono inaruka darasa zima, mtu anampiga mwenzake kofi la bahati mbaya, na hapo ndipo ninapowaeleza kuwa bega na nyonga ni viungo vya aina nyingine: kichwa cha mfupa kimeviringana, kimekaa ndani ya kikombe, kinageuka kila upande. Bega limepewa kikombe kifupi ili mkono ufike mbali, ndiyo maana linateguka upesi. Nyonga imepewa kikombe chenye kina kwa sababu inabeba mwili. Niliyasema hayo kila mwaka kwa raha zangu, na sikuwahi kujiuliza kikombe hicho kinapatikanaje, mtu anazaliwa nacho au vipi.

Nikajifungua mtoto wa kwanza, binti. Alitanguliza makalio, akatusumbua sana, lakini akatoka mzima analia. Mama yangu wakati huo alikuwa bara, mgonjwa, hawezi kusafiri. Akaja mama mkwe, mama yake mume wangu, kutoka Kunduchi ambako anauza samaki tangu mume wangu hajazaliwa. Alifika kwetu Goba na begi moja, chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, na mbeleko mpya.

Kila asubuhi mama mkwe aliketi sakafuni, miguu kainyoosha, gauni kalikunja mpaka magotini, akamlaza mtoto juu ya miundi yake, beseni la maji ya vuguvugu pembeni. Akishamwosha, akampaka mafuta, kisha anamnyoosha viungo. Mkono wa kulia uonane na mguu wa kushoto, mkono wa kushoto uonane na mguu wa kulia, mikono ikumbatie kifua, magoti yaende tumboni halafu yafunguke huku na huku. Mie niko kitandani, nimejifunga tumbo, natazama na kuhesabu moyoni: hapo bega, hapo mtulinga, hapo pingili za mgongo, hapo nyonga. Mwanamke huyu aliishia darasa la nne, na hakuna kiungo alichokiruka hata siku moja! Nilimuuliza nani alimfundisha. "Nani anafundishwa kuosha mtoto?" akasema, akaendelea.

Nikamwambia kuwa mtoto mchanga ana vipande vya mifupa karibu mia tatu, na mtu mzima ana mia mbili na sita tu, kwa sababu vingine huungana kadiri anavyokua.

"Mia tatu?" Akamtazama mtoto juu ya miundi yake, mdogo kama mkate. "Vimekaa wapi?"

Tulicheka mpaka mshono ukaniuma. Tulipatana hivyo, nikawa najisifu kwa wenzangu kuwa mie nimepata mama mkwe, mpaka siku aliyoitoa ile mbeleko.

"Mama, huyu hatabebwa mgongoni."

"Heh! Atabebwa wapi, kichwani?"

"Mkononi. Sitaki apate matege."

Alinitazama miguu. Alitazama tu, lakini mie nikaisikia damu inapanda. "Si unaona mwenyewe?" nikamwambia, tena kwa sauti ambayo mtu hamsemeshi mama mkwe.

Na sikuishia kukataa mbeleko. Kila alipomaliza kumwosha nilimchukua mtoto, nikamnyoosha miguu, nikaifunga pamoja kwa kipande cha kitenge, kuanzia kiunoni mpaka vidoleni, ikabana sawasawa. Mantiki yangu ilikuwa moja: mfupa mchanga ni laini, na kitu laini unakifunga kama unavyotaka kiwe. Nilijiona nimefikiri kisayansi kabisa.

"Mwalimu," mama mkwe akaniambia, na hilo ndilo jina aliloniita akinikasirikia, "mtoto kakaa tumboni miezi tisa kakunja miguu. Wewe unataka inyooke leo. Una haraka gani?"

"Mama, mie nimesoma mifupa."

"Na mie nimeosha watoto."

Mume wangu alipoombwa aamue, alisema yeye hana neno, akaenda kwa jirani kuangalia mpira. Arobaini ilipotimia mama mkwe akarudi Kunduchi kwenye samaki wake. Mbeleko aliiacha juu ya kabati, haijakunjuliwa. Mie nikaendelea na kitenge changu, usiku na mchana, nafungua wakati wa kuosha na kubadilisha nepi tu. Miguu ya mwanangu ilikuwa imenyooka, jamani! Wageni wakija, naifunua waione.

Likizo yangu ya uzazi iliungana na likizo ya shule, kwa hiyo mtoto alikuwa na miezi minne na ushee niliporudi kazini. Mama mkwe akakubali kuja tena kukaa naye. Alifika Jumapili jioni, na Jumatatu asubuhi, nimeshavaa, nakunywa chai ya haraka haraka, nikamsikia akiniita kutoka chumbani.

"Mwanangu, njoo."

Hakuniita mwalimu, na hilo ndilo lililonishtua.

Alikuwa kamlaza mtoto juu ya miundi yake kama kawaida. Akashika magoti yote mawili, akayakunja, akayafungua taratibu. Goti la kulia likaenda likaenda mpaka likalala. La kushoto likafika nusu ya njia, likasimama. Akarudia. Halikwenda. Mtoto halii, anacheka na bibi yake, lakini goti haliendi. "Tazama na paja," akasema. Paja la kulia lilikuwa na mikunjo miwili ya nyama, la kushoto mitatu.

Nikamchukua, nikamlaza kitandani, nikamkunja magoti, nyayo zote mbili nimeziweka sambamba kwenye shuka. Goti la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia. Kidogo tu, upana wa kidole, lakini chini. Nikamgeuza, kichwa kikawa upande wa miguuni, labda godoro limebonyea. Bado. Nikamhamishia mezani. Bado. Mifupa ya mapaja haiwezi kutofautiana urefu ghafla hivi, kwa hiyo kama goti limeshuka, basi mfupa mzima umeshuka, na kama umeshuka, kile kichwa chake cha mviringo hakiko mahali pake. Hayo yote niliyafikiri kwa utulivu, tena kwa hamu ya mtu anayefumbua fumbo. Halafu ndipo nikakumbuka kuwa huyu ni mwanangu, nikakaa chini.

"Wakati wa arobaini miguu ilikuwa inafunguka," mama mkwe akasema. "Yote miwili. Mikono yangu haidanganyi."

Niliumia, sitaficha, na niliona aibu kuliko siku ya ule mpira wa Temeke.

"Nyonga imeteguka," akaendelea. "Nipe siku tatu na mafuta ya moto, nitairudisha."

"Hapana, mama. Utarudishaje kitu usichokiona?"

"Na wewe uliyekiona kwenye chati?"

Hapo nikaangua kilio. Naye akalegea, akanishika bega, tukakubaliana: yeye hatavuta wala kukanda ule mguu, mie sitaufunga tena, na kesho yake alfajiri tunakwenda hospitali wote wawili.

Daktari wa mifupa tuliyempata alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa mjini, Kiswahili chake chepesi kuliko changu mie mtoto wa watu wa bara. Alimwamkia mama mkwe shikamoo kwanza, akaitikiwa marahaba, ndipo akamgusa mtoto. Alimkunja na kumfungua vile vile kama mama mkwe alivyofanya, polepole, kama mtu anayesikiliza. Kisha akatutuma picha ya eksirei.

Picha ilipoletwa niliisogelea kabla sijakaribishwa. Nikaona mbavu za chini, nikaona mifupa ya nyonga, nikaona mapaja mawili. Lakini juu ya kila paja, pale kinapotakiwa kuwa kichwa cha mviringo, palikuwa patupu. Hakuna kitu.

"Daktari, vichwa viko wapi? Hata cha kulia hakipo!"

Akatabasamu. "Vipo. Bado havijawa mfupa. Ni gegedu, laini kama la sikio, na gegedu halionekani kwa mionzi hii. Kichwa cha paja kinaanza kuwa mfupa karibu na umri huu, wengine wanachelewa."

Yaani mwanangu alikuwa na nyonga ambazo bado hazijawa mifupa! Nilisahau kilichonileta, nikaanza maswali: gegedu linageukaje mfupa, linaanzia katikati au pembeni, na kikombe nacho? Mama mkwe akanivuta mkono wa gauni. Daktari wala hakuchoka. Akampaka mtoto dawa ya ubaridi nyongani, akapitisha kile chombo cha kupigia picha za wajawazito, na kwenye kioo tukaona vichwa viwili vya kijivu. Cha kulia kimetulia ndani ya kikombe chake. Cha kushoto kimekaa ukingoni, nusu ndani, nusu nje.

"Kikombe mtu hazaliwi nacho kimekamilika," akasema. "Mtoto anazaliwa na kitu kama kisahani. Kichwa kikikaa ndani yake na kuzunguka zunguka, ndicho kinachokifinyanga kiwe na kina. Hiki cha kushoto hakina kinachokifinyanga. Kikibaki hivi atatembea, lakini atachechemea, na akiwa mtu mzima kila hatua itamuuma." Akatazama kadi ya kliniki. "Kwa umri huu tunaweza kujaribu mikanda. Angepita miezi sita, ningekuwa naongea nanyi habari za upasuaji na plasta."

Kisha akauliza lile swali. "Mnambeba vipi?"

Mama mkwe alitazama dirishani. Mie nikatoa kile kitenge mkobani, nikamfunga mtoto pale pale mezani kama nilivyozoea, kiunoni mpaka vidoleni, ili aone mwenyewe. Daktari hakunigombeza. Alikifungua, akaweka kiganja chake juu ya paja la mtoto. "Ukinyoosha miguu na kuibana, kichwa kinasukumwa nje. Ukikunja magoti na kuyafungua, kinaingia katikati ya kikombe. Kwenye mbeleko mtoto anakaa hivyo hivyo tunavyotaka akae."

Nilisubiri ile methali. Mnaijua, ya asiyesikia la mkuu. Niliisubiri kwa mwili mzima, na kwa kweli alikuwa na haki ya kuisema. Mama mkwe hakuisema. Alichukua kitenge mezani, akakikunja mara nne, akakitia kwenye mkoba wake.

"Na matege?" nikauliza, kwa sauti ndogo.

"Watoto wote huzaliwa na miguu ya kupinda, hunyooka wenyewe kwenye miaka miwili mitatu. Ikibaki, mara nyingi ni mtoto aliyekosa jua na chakula cha kujenga mifupa. Vitamini D."

Toba! Vitamini D! Nimewaandikia watoto ubaoni kila mwaka, kwa mkono huu: upungufu wa vitamini D husababisha matege. Nimesahihisha swali hilo kwenye mitihani, aliyekosa nikamkata alama. Na baadaye nilipompigia mama simu bara na kumdadisi, akakumbuka kuwa nilizaliwa wakati wa masika, akanificha ndani miezi mingi kwa kuogopa jicho la watu. Nilikuwa nafundisha somo moja darasani na kuishi na jingine nyumbani, na hayakuwahi kukutana.

Nikamuuliza daktari kitu kimoja cha mwisho, kama ni mie niliyemfanyia hivi. Akafikiri kabla ya kujibu. "Ni msichana, wa kwanza, na alitanguliza makalio. Hao ndio wanaozaliwa zaidi na nyonga iliyolegea. Huenda ingetulia yenyewe, huenda isingetulia. Kumfunga hakukumsaidia. Zaidi ya hapo siwezi kukuambia." Nililala na jibu hilo siku nyingi, na mpaka leo sijalimaliza.

Mtoto akavalishwa mikanda: mmoja kifuani, miwili ya mabegani, na mingine inayoshuka mpaka nyayo na kuvuta magoti juu na nje, akawa kakaa kama chura. Miezi mitatu, isivuliwe hata wakati wa kuosha.

Wiki hiyo hiyo nikanunua kuku sokoni Tegeta, si kwa ajili ya kula. Nilitaka kuona nyonga kwa macho. Nikaitafuta kwa vidole, nikakata nyama kuizunguka, na kweli, nikakikuta kichwa, kidogo, cheupe, kinateleza kama sabuni, kimeshikwa ndani ya kikombe kwa uzi mmoja mgumu. Nikakizungusha mpaka mume wangu akauliza leo tunakula au tunasoma. Lakini kilichotokea baadaye kilinitia hofu: nilipofungua paja la kuku kwenda nje, kiungo kikatoka, tak! Nikakimbilia chumbani kumtazama mwanangu aliyefunguliwa mapaja vile vile. Nikataka kuivua ile mikanda.

Mama mkwe akasimama mlangoni. "Thubutu."

"Mama, nimeona kwa macho yangu, ukifungua kinatoka!"

"Kuku wewe umemvunja kwa nguvu zako zote, tena kwa kurudi nyuma. Mtoto nani kamvunja? Hufungui kitu mpaka tumuulize daktari mwenyewe."

Tulipokwenda kukaguliwa nikamuuliza daktari, na akasema neno kwa neno kama mama mkwe, akaongeza tu kuwa magoti ya mtoto yamekunjwa mbele kwanza na hakuna anayeyalazimisha. Mama mkwe akakohoa kidogo. Njiani hakulitaja.

Miezi ile mitatu ilikuwa mirefu. Asubuhi yeye alikuwa anaketi chini na beseni lake, anampangusa mtoto kwa kitambaa, anapenyeza vidole chini ya mikanda kuona kama ngozi imechubuka, anamnyoosha mikono peke yake. Miguu anairuka. Niliona inavyomsumbua, mikono inakwenda yenyewe mpaka nyongani, anairudisha. Jirani akauliza mtoto kafungwa kwa kosa gani. Mama mkwe akamjibu aende akaulize hospitali, wana majibu mengi kule. Mie kila wiki nilikuwa napima magoti kwa rula yangu ya shuleni, ingawa nilijua kwenye mikanda huwezi kupima kitu.

Siku ya kufunguliwa hakuna aliyekunywa chai. Daktari alipitisha kile chombo nyongani, kwanza kulia, kisha kushoto, akarudia kushoto. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Akageuza kioo upande wetu. Kichwa cha kushoto kilikuwa kimezama katikati ya kikombe, na kikombe kilikuwa na kina. Sikungoja aseme. Akavua mikanda, mmoja mmoja, akampisha mama mkwe. "Bibi, wewe ndiye uliyeigundua. Angalia mwenyewe."

Mama mkwe alisugua viganja vyake vipate joto. Akakunja magoti yote mawili, akayafungua, yakaenda pamoja mpaka yakagusa meza. Machozi yalikuwa yanamtiririka, ameyaacha.

"Sasa mbebeni mgongoni," daktari akasema, "kadiri mnavyoweza."

Mama mkwe akavua kanga aliyojitanda mabegani. Nilidhani atambeba yeye, nikasogea nyuma kumpisha.

"Unakwenda wapi?" akasema. "Inama."

Nikainama pale pale mbele ya daktari. Mtu mzima nina miaka thelathini na moja, mwalimu, na sikuwahi kubeba mtoto mgongoni. Akamlaza juu ya mgongo wangu, kanga ikapita chini ya makalio yake, akaikaza, akanifunga fundo kifuani. "Haya, inuka." Niliogopa kuinuka. Goti la kulia la mwanangu lilikuwa limeshanibana ubavuni, hilo halikuwahi kunitia shaka. Nikasubiri, nikiwa bado nimeinama. Kisha la kushoto nalo likanibana, kwa nguvu ile ile.